Fyuzi Mfukoni mwa Usumani

Usumani aliendesha ambulansi ya kliniki moja ya binafsi mjini Kigali, na kama kulikuwa na mtu aliyezijua sheria za barabarani kuliko askari wenyewe, ni yeye. Kitabu chake cha sheria kilikaa juu ya dashibodi, kimechakaa, kimefungwa kwa raba. Kitabu kilisema king'ora ni cha mgonjwa: unapokwenda kumchukua na unapompeleka, basi. Mwenye kliniki, Jean-Berchmans, ambaye wote walimwita Patron, aliona king'ora ni cha mwenye gari.

Tangu vita vianze mwaka 1990, njia panda ya Sonatubes ilikuwa na kizuizi cha askari, gogo juu ya madramu, na foleni ndefu. Patron hakupenda foleni. Kreti za bia za harusi ya shemeji yake zilipita pale kwa king'ora. Mkewe alipita kwa king'ora akienda kusukwa nywele. Usumani alikunja uso akaendesha, maana alikuwa na watoto Nyamirambo na watoto hula kila siku. Kunyamaza kule alikuja kukujutia.

Askari nao si wajinga; walishajua king'ora kile hubeba nini. Siku Usumani alipomtoa Kabuga, nje ya mji, mwanamke aitwaye Illuminée, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto amekwama, king'ora kililia njia nzima na gogo halikuinuka. Waliachwa nyuma ya malori dakika arobaini. Hatimaye sajini Sibomana akaja kwa mwendo wa kutembelea shamba.

"Leo iko bia ngapi?" aliuliza.

Akafungua mlango wa nyuma, akaona damu, akakimbia mwenyewe kuinua gogo. Illuminée alipona. Mtoto hakupona.

Hasira ya Usumani haikuwa kwa sajini. Jioni hiyohiyo aliichomoa fyuzi ya king'ora akaitia mfukoni mwa shati, na tangu hapo ilirudi mahali pake pale tu alipoitwa kwa mgonjwa.

Jumamosi moja Patron alitoka na suti, tai imembana shingo. Alikuwa na mgeni wa kumpokea uwanja wa ndege, Kanombe, na alikuwa amechelewa.

"Usumani, twende. Piga sirène."

"Mgonjwa iko wapi, Patron?"

"Hakuna mgonjwa. Iko mimi."

"Basi tutapanga foleni kama watu. Fyuzi iko mfukoni kwangu, na haitoki bila mgonjwa."

"Hii kazi unaitaka?"

"Naitaka sana, Patron."

Patron akacheka. Akapanda nyuma, akajinyoosha kwenye machela na viatu vyake, akavuta shuka hadi kifuani. "Haya, mgonjwa huyu hapa."

Usumani alimtazama pale alipokuwa amelala Illuminée. Akaitoa fyuzi, akaichomeka, king'ora kikalia.

Alipofika Sonatubes alipunguza mwendo, kama kitabu kilivyotaka, kisha akazima king'ora na kusimama mwenyewe kabla hajasimamishwa. Sibomana akasogea dirishani.

"Leo iko mgonjwa?"

"Fungua uangalie, shefu."

Sajini akafungua, akaona tai, akaona viatu vinang'aa.

"Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi. Ana haraka. Na siku ile ya yule mama, haraka ya huyu ndiyo uliyokuwa unaiadhibu."

Sibomana akamwambia Patron ashuke na kitambulisho chake, akasimame mwisho wa foleni ya waenda kwa miguu, juani.

"Usumani, huna kazi," Patron alisema akipita dirishani.

"Najua, Patron."

Barua ilikuja Jumatatu. Usumani alimkabidhi dereva mpya, Cassien, ufunguo, kitabu na fyuzi, akamweleza kwa nini fyuzi hukaa mfukoni. Cassien alisikiliza bila kuahidi kitu.

Alhamisi Usumani alikuwa Sonatubes akitafuta usafiri wa Kabuga, alikosikia kuna lori linahitaji dereva. King'ora kikasikika kutoka upande wa Kanombe. Ambulansi ilikuwa bado mbali Sibomana na wenzake walipolibeba gogo mabegani, njia ikawa wazi. Cassien akapunguza mwendo kwenye njia panda, akapita.

"Pita, mama," Usumani alisema kwa sauti mbele za watu, wala hakujua ndani amelala nani.