Visu Viwili vya Springi Moja

Kwenye simu yangu kuna kundi la watu wazima, baadhi yao wana wajukuu, ambao kazi yao ni kutumiana picha za visu. Sisemi visu vya kukatia vitunguu. Ni visu vilivyofuliwa kwa nyundo, kimoja kimoja, vyenye mpini wa mpingo au wa pembe ya ng'ombe, vimelazwa juu ya kitambaa cheupe kama vichanga vinavyosubiri kubatizwa. Kuna daktari wa mifugo, kuna mwalimu mstaafu, kuna dereva wa malori ya masafa marefu. Halafu nipo mimi, fundi cherehani wa Ilemela, mtu ambaye viatu vyake huchakaa kwa vumbi la kabatini. Baraza yangu iko juu ya mwamba, naliona ziwa lote kutoka pale, na kwa miaka mingi niliona hiyo inatosha.

Siku moja mgeni kundini akauliza swali lake kwa adabu: sisi tunaopenda visu vya mkono, vya kiwandani navyo tunavithamini, au tunavidharau? Kundi likawaka moto. Daktari akasema anavyo vyote, kila kimoja na kazi yake. Dereva akasema cha kiwandani ndicho kinachokaa kwenye gari lake, cha mkono kiko ukutani, na ukuta haujawahi kulalamika. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikaona hapo ndipo elimu yangu inapohitajika. Nikaandika kwamba kisu cha kiwandani ni kama ugali wa hotelini: utashiba, lakini hakuna aliyekupikia wewe. Wakanipigia makofi ya vikaragosi. Kama ushahidi nikawatumia picha ya mkono wa dada yangu, mkono wenye magamba ya samaki, umeshika kisu nilichompa mimi.

Ile picha niliifuta baadaye. Sikuweza kuitazama.

Visu vilikuwa viwili, vimetoka kwenye kipande kimoja cha springi ya lori. Mhunzi ni mzee mmoja wa Nyakato, kibanda chake kiko nyuma ya ukuta wa kiwanda, na nilikuwa nimemzoea kiasi cha kukaribishwa kwenye kigoda cha karibu na moto. Siku ile alikuwa ameshavifua, ameshavizamisha kwenye ndoo ya oili chafu vikalia, na imebaki hatua ambayo wahunzi wenyewe husema ndiyo inayotenganisha kisu na kipande cha chupa. Chuma kikitoka kwenye oili ni kigumu mno, kinavunjika kama kigae. Lazima kirudishwe kwenye joto taratibu, hadi rangi ipite juu yake, rangi ya nyasi kavu za kiangazi. Ukiwahi kukitoa, kitavunjika. Ukichelewa, kitakuwa laini.

Mzee alikuwa amekishika kwa koleo, amekigeuzia upande wangu. "Unaionaje hiyo rangi, fundi?" akaniuliza.

Jamani. Mhunzi aliyefua chuma miaka hamsini ananiuliza mimi. Nikadhani ananipima, kama mwalimu anavyomwita ubaoni mwanafunzi anayemwamini. Nilikitazama kile chuma. Kilikuwa cheusi, moshi unanichoma macho, na nyasi sikuziona, wala za kijani wala kavu. Nikakaza uso wa mtaalamu, nikasema, "Tayari, mzee." Akakitoa. Akaleta cha pili, akauliza tena, nikajibu tena, safari hii kwa haraka zaidi maana nilishakuwa mzoefu.

Kimoja nikakiweka kabatini. Cha pili nikampelekea dada.

Dada yangu mkubwa anaishi ng'ambo, upande wa Sengerema, na kazi yake ni kayabo: anapasua sangara, anawatia chumvi, anawaanika. Alikuwa na kisu cha kiwandani cha mpini mweupe wa plastiki, kimenolewa hadi kimekuwa chembamba kama jani la muwa. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilimsumbua kwa simu mwezi mzima, nikimweleza habari za moto na nyundo, mpaka akanyoosha mikono. Akamgawia mwenzake kile cheupe, akaanza kutumia changu. Alikuwa na tabia moja: akifika kwenye kichwa cha sangara mkubwa huegemeza kisu kwa uzito wote wa kifua, uso wake uko juu ya ubapa, mkono wa kushoto umeshika samaki mbele ya makali. Nilimwona akifanya hivyo siku nilipompelekea. Nikasifu.

Miezi miwili baadaye mke wangu alipata wageni, visu vyake vyote butu, akafungua kabati langu bila ruhusa akachukua pacha wa kile cha dada. Kuku alikuwa wa kienyeji, mzee kidogo. Tulipokaa kula, nikatafuna, nikasikia kitu. Nilidhani ni mfupa. Nikakitoa mdomoni: kipande cha chuma, chembamba, kimepinda kama mwezi mwandamo. Wageni wakaendelea kula. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata hakukata kwa nguvu, aliegemeza tu kwenye kiungo cha paja.

Sikumaliza chakula. Aliegemeza tu. Neno hilo lilikaa nami mchana mzima, na kila nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani, ng'ambo ya maji ilikuwa pale pale, imenyamaza.

Kesho yake nikaacha cherehani siku ya kazi nikaenda Nyakato, jambo ambalo majirani walilitolea maoni. Nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono, na mkono ule ukapita pembeni ya mkono wangu ukabaki hewani. Nikaukimbilia. Nikampa kisu. Hakukitazama. Alikipitishia kidole gumba pale palipomeguka, akaenda, akarudi, kisha akaniuliza punje za chuma pale ndani zikoje, ni kama unga au kama sukari. Alikuwa amekishika juani, upana wa kiganja kutoka kwenye uso wake.

Hapo nikaelewa. Mzee haoni. Labda anaona kivuli, labda anaona moto kama doa, lakini rangi ya nyasi kavu haioni, na siku ile hakuwa akinipima. Alikuwa akiazima macho.

"Ile siku nilikuuliza rangi," akasema. "Uliiona?"

Nafasi ya kusema kweli haikuwa ndogo. Mtu angeweza kushona kifungo ndani yake. Nikasema, "Niliiona, mzee."

Akatikisa kichwa. Akasema basi ni springi, springi za siku hizi haziaminiki, atabadilisha anayemuuzia chuma chakavu. Akanirudishia kisu kwa kukilaza juu ya fuawe, akarudi kwenye moto wake. Nilipokuwa natoka alikuwa akipiga nyundo, na nyundo yake bado ilikuwa haikosei.

Nilimpigia dada. Hapo pia nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikaitumia kama ile ya kwanza. Nilimwambia kisu chake nakihitaji kidogo, akipumzishe, kuna marekebisho nataka yafanyike.

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Umeanza. Unataka kukirudisha kabatini kikalale na wenzake. Mdogo wangu, umenipigia kelele mwezi mzima nikitumie, sasa nakitumia unalia."

Nikamwambia basi asikiegemee sana. Akaniuliza tangu lini mshona nguo akafundisha watu kupasua samaki. Nikacheka naye. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kwamba nilimpa kisu ambacho sikujua kama kimeiva, nikamwambia kimeiva.

Siku tatu nikakaa. Nilikuwa na sare za kwaya za kumalizia, hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu. Simu ikiita nilikuwa naitazama kwanza kabla ya kuigusa. Ikiwa ni namba ya dada, moyo ulikuwa unashuka hadi kwenye kanyagio la cherehani, halafu anauliza habari za watoto. Nilianza kusikiliza sauti yake badala ya maneno. Nilikuwa nasubiri sauti ya mtu mwingine kwenye simu yake, yule anayeanza kwa kukuuliza kama umekaa.

Siku ya nne akanitumia ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa kunitania tu. Alisema kisu changu kimekuwa mwanakwaya, siku hizi akikiegemeza kinatoa mlio, ting, halafu kinaendelea na kazi. Akauliza kama hayo ndiyo marekebisho niliyoyataka.

Ujumbe ule niliusikiliza mara moja. Niliacha kitambaa chini ya sindano.

Kwenye kivuko cha kwenda Kamanga nilisimama katikati, mbali na kingo zote mbili, kama ilivyo desturi yangu na maji. Ziwa lilikuwa la rangi ya risasi, halina wimbi, na abiria walikuwa wachache hata injini ikasikika kuliko watu. Nikalikumbuka swali la yule mgeni wa kundini. Nilifikiri juu ya kiwanda fulani huko, sijui nchi gani, ambako visu vya mipini myeupe vinapita kwenye mashine ya kupima joto, maelfu kwa maelfu, na mtu anayeisimamia labda hapendi visu hata kidogo. Anangojea saa ya kutoka. Lakini hamwiti mshona nguo aje amwambie rangi. Na kama mashine yake ikikosea, nayo haioni haya kukubali. Nilikuwa nimemnyang'anya dada yangu kisu cha namna hiyo kwa sababu hakina hadithi. Cha kwangu kilikuwa na hadithi, na mimi nilikuwa ndani yake.

Nilimpigia kutoka Kamanga. Haikupokelewa. Nikapanda pikipiki, nikampigia tena njiani. Haikupokelewa.

Nilipofika, dada alikuwa hai, alikuwa mzima, na alikuwa ameegemea.

Walikuwa wanawake watano kwenye chanja, na yeye amenipa mgongo, mabega yameshuka juu ya kichwa cha samaki. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuijua. Akageuka, kisu mkononi, akaniangalia kuanzia viatuni.

"Mwali katoka," akawaambia wenzake. "Leo mvua itanyesha mawe."

Wakacheka, wakanisogezea ndoo nikalie. Sikukaa. Nilimwomba akiweke kisu chini. Akaniuliza kwa nini, na kwa kuwa hakikuwekwa chini, nikayasema yote pale pale, mbele ya watu: moto, rangi, mzee asiyeona, mimi kujifanya naona, kuku wa wageni, na kwamba juzi juzi nilimwongopea mzee tena, na yeye pia. Ilichukua muda mfupi sana. Siku nne zote zile, na maneno yenyewe hayakujaza hata kikombe.

Dada alikiosha kisu, akakifunga kwenye gunia kuukuu, akapachika ncha katikati ya mbao mbili za chanja, akasukuma mpini kwa unyayo wa buti. Hakusukuma kwa nguvu. Kilikatika kama biskuti, na kilipokatika kulikuwa na ule mlio.

Alifungua gunia, akatazama vipande. Kisha akainama juu ya samaki, mikono mitupu, akaweka uso pale anapouwekaga na mkono wa kushoto pale anapouwekaga, akabaki hivyo kidogo, anapima. Aliponyanyuka hakuwa anatania tena.

"Mpigie mzee," akasema. "Weka sauti ya nje."

Nikapiga. Mzee akapokea, nyuma yake moto unavuma. Nikamwambia, "Mzee, ile rangi sikuiona. Nilisema tu."

Ule uvumaji ukapungua, ameufunga upepo unaochochea moto. "Na mimi sikuiona," akasema.

Dada akaichukua simu kwa vidole viwili vyenye chumvi. Akamwamkia, akajitambulisha kwamba ndiye aliyepewa pacha wa kile kilichomeguka, akamwuliza baada ya hivyo viwili amefua vingapi, na nani alimsomea rangi. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Mzee akafikiri. Akasema vinne. Kila aliyekuja kuchukua ndiye aliyeulizwa, na wote walisema tayari, hakuna hata mmoja aliyesema bado. Cha kwanza kilikwenda kwa mchinja mbuzi wa Buhongwa. Viwili vilichukuliwa na mama mmoja wa mgahawa pale pale Nyakato, huyo anamfahamu, atamtumia ujumbe sasa hivi.

"Na cha nne?" dada akauliza.

"Cha nne alikuja mtu asubuhi, akakaa pale anapokaa kaka yako. Hakusema jina. Namjua kwa viatu tu, vilikuwa vinalia akitembea."

Dada akamshukuru, akamtakia kazi njema, halafu akajirekebisha akamwomba leo apumzike. Mzee akasema ameshauzima moto.

Wale wanawake wengine walikuwa wameacha kupasua. Yule aliyegawiwa kisu cha mpini mweupe alikuwa amekishika pembeni ya gauni lake, labda akiogopa kitadaiwa. Mmoja akaniuliza mchinja mbuzi wa Buhongwa anapatikana upande upi wa barabara, maana ana shemeji yake huko anayeweza kukimbia kumwona. Nikasema sijui, mimi huko sijawahi kufika.

Dada alikuwa ameshaanza kufungua kamba za aproni. Akaitundika kwenye mti wa chanja, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akanikabidhi kile kipande kirefu kilichofungwa kwenye gunia.

"Leo utafika," akasema.