Malkia wa Elfi na Vidole vya Komeo

Watu hudhani fundi vitasa ni mtu jasiri, kwa kuwa hakuna mlango unaomzuia. Komeo aliingia katika kazi hiyo kwa sababu ya woga. Alipokuwa mtoto, mwizi aliingia nyumbani kwao mchana kweupe, akanywa maji, akaiacha bilauri mezani, akaondoka na redio. Redio ilisahauliwa upesi. Bilauri haikusahaulika. Tangu siku hiyo mtoto yule hakulala kabla ya kuushika mlango na kuutikisa, na alipokua aliona heri aishi na vitasa kuliko kuishi akiviwaza.

Jina la Komeo alipewa na mke wake, ambaye ni mshonaji, kwa sababu kila walipotoka pamoja alirudi njiani kuhakikisha kama amefunga.

"Wewe hata ukifa," mke wake humwambia, "utafufuka ukague kama jeneza limefungwa vizuri."

Kiduka chake kilikuwa kati ya kinyozi na muuza viatu, chembamba kama kabati. Humo mlikuwa na jiwe la kunolea, tupa za kila ukubwa, bisibisi zilizopangwa kwa urefu, na funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia ukutani kama dagaa waliotungwa. Kitasa kigumu kilipoletwa, Komeo alifumba macho. Ndani ya kitasa mna vyuma vidogo kama punje za mchele, na kila kimoja hukaa kwa urefu wake. Macho hudanganywa na kutu. Kidole hakidanganyiki, mradi mwenye kidole anyamaze na kukisikiliza.

Mke wake ndiye aliyempeleka kwenye mchezo wa karata. Alichoka kuishi na mtu asiye na rafiki isipokuwa makufuli. Ghorofani, juu ya duka la vitabu, watu walikutana kila Jumamosi kucheza karata za vita. Kila mchezaji huunda fungu lake mwenyewe, kwa karata anazozichagua moja moja, kisha hulipambanisha na fungu la mwenzake. Wapo wanaopenda mazimwi, wapo wanaopenda mashujaa wenye panga. Komeo alipenda elfi, wale watu wadogo wa msituni wenye masikio marefu. Wachezaji waliwaita "masikio" tu, na walimcheka.

"Fundi, hao masikio wako wakikohoa wanaanguka!"

Ni kweli. Elfi mmoja peke yake si kitu. Lakini elfi huitana. Wa kwanza humvuta wa pili, wa pili humlisha wa tatu, na Malkia wao anapotua mezani kila mmoja huongezewa nguvu kwa hesabu ya wenzake waliosimama. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Komeo, aliyeogopa kila kitu, alifarijika kuona wanyonge wengi wakigeuka kuwa ukuta.

Hata hivyo elfi wana adui, karata iitwayo Moto wa Nyika. Ikiwekwa mezani, huteketeza wote kwa mkupuo. Basi kwa majuma mengi kabla ya mashindano makubwa ya mwaka, Komeo alihangaika na nafasi nne tu za fungu lake. Je, aweke Malkia wanne, ashambulie na kumaliza kazi mapema? Au aweke Ngome ya Mizizi, karata inayowaficha elfi moto unapokuja? Kila jioni, baada ya vyombo kuoshwa, mke wake alikaa upande wa pili wa meza na fungu la kuazima lililojaa moto.

"Umemtoa Malkia tena?" aliuliza mke wake.

"Nimeweka Ngome. Ukileta moto, angalau watabaki wachache."

"Na nisipouleta?"

"Utauleta. Nakujua."

"Sasa, mume wangu, unajenga jeshi au unachimba handaki?"

Walicheza. Moto haukuja, elfi wakakaa ndani ya mizizi yao salama salimini, na Komeo akashindwa taratibu, kama mtu anayezama kwenye tope. Akatoa Ngome, akarudisha Malkia. Kesho yake moto ukaja mapema, akatoa Malkia, akarudisha Ngome. Wachezaji hutia kila karata katika kifuko chembamba cha plastiki ili isichakae. Komeo alizichomoa zile nne na kuzichomeka nyingine katika vifuko vilevile, jioni baada ya jioni, hadi siku ya mwisho alipowarudisha Malkia na kuapa hatawagusa tena.

Katika juma hilohilo Matroni alikuja dukani. Alikuwa msimamizi wa hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini, na shada la funguo lilining'inia kiunoni mwake. Ufunguo mkuu mmoja ulikuwa umepotea, na sasa vitasa vyote vya vyumba vya mabinti vilitakiwa kubadilishwa.

"Nimeuliza mtaani kote," alisema. "Wote wamenipa jibu moja, kwamba wewe huna mkono mrefu. Kazi ni yako. Jumatatu uje."

"Ahsante, Matroni."

"Usinishukuru. Jumamosi tukikutana mezani nitakuponda."

Maana Matroni naye alicheza. Fungu lake lilikuwa la majitu ya mawe, mazito, yenye kuchelewa, lakini yakifika hayaondoki.

Komeo alifurahi, kisha akaogopa. Fundi vitasa hana mtaji mwingine zaidi ya jina. Mtu akimpa ufunguo, anampa usingizi wake. Neno moja baya likizagaa mtaani, nani atamfungulia mlango?

Jumamosi ya mashindano ilipofika, ghorofa ilijaa. Feni zilizunguka zikisukuma joto kutoka kona hii hadi ile. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mrefu mwenye miwani aliyetembea kati ya meza mikono nyuma, kana kwamba wote walikuwa wakifanya mtihani. Komeo alishinda raundi ya kwanza, akashinda na ya pili, na elfi wake walimiminika mezani kama siafu. Katika nusu fainali akakaa mbele ya Matroni.

"Fundi, mbona unatoka jasho? Mimi sijafanya kitu bado."

"Ni joto tu, Matroni."

"Joto liko kwetu sote. Kata karata."

Mshindi angekuwa atakayetangulia kushinda michezo miwili. Wa kwanza aliuchukua Komeo. Katika wa pili majitu ya mawe yalifika mapema, na elfi wake wakaanza kusagwa. Woga ulimpanda kutoka miguuni. Na Komeo alipoogopa, vidole vyake viliamka. Ndivyo ilivyokuwa kazini pia. Kitasa cha mtu mkali alikifungua upesi kuliko cha rafiki.

Aliweka kidole gumba juu ya fungu ili avute karata, na kabla ya kuigeuza akajua. Malkia. Akaigeuza. Malkia.

Alitabasamu kidogo, akadhani ni bahati. Zamu iliyofuata kidole kilimwambia, "Huyu si yeye." Hakuwa yeye. Zamu iliyofuata tena, alipokwisha kuvuta, kidole kikagusa ukingo wa kifuko kilichobaki juu ya fungu, na ukingo ulikuwa umelegea unywele mmoja tu, kama mdomo wa mfuko wa suruali ya zamani. 

Alielewa yote kwa mara moja. Vile vifuko vinne. Zile jioni zote za kuchomoa na kuchomeka. Karata alizozitilia shaka ndizo zilizopata alama, na alama hiyo ilitiwa na woga wake mwenyewe. Sasa alikuwa amekaa mezani na karata zenye alama, kosa ambalo wachezaji hawalisamehe, na mbele yake alikaa mwanamke ambaye keshokutwa angemkabidhi milango ya mabinti za watu.

Malkia alikuwa juu ya fungu, akingoja. Akivumilia zamu hii moja tu, akiwatoa kafara elfi wawili, zamu ijayo angemvuta na kushinda. Mtu mwingine yeyote asingethubutu. Yeye angethubutu kwa sababu alijua.

Je, raundi zile mbili za mwanzo? Alijua, hakujua? Alijaribu kukumbuka kidole kilimwambia nini, na hakukumbuka, na hilo lilimtisha zaidi.

Angeweza kunyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ilikuwa kidole chake peke yake. Hakuna jicho katika chumba kile ambalo lingeona. Komeo akatazama shada la funguo kiunoni mwa Matroni. Ghafla, bila kutaka, aliiona ile bilauri mezani, na alama ya midomo ya mtu asiyemjua.

Akanyoosha mkono juu. 

"Mwamuzi," alisema. "Mwalimu. Njoo, tafadhali. Karata zangu zina alama."

Wa meza za jirani waligeuka. Mwalimu aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Alipitisha kidole juu ya fungu.

"Sihisi kitu."

"Karata ya juu ni Malkia."

Mwalimu akaigeuza. Alikuwa Malkia. Akazichanganya karata chini ya meza, akampa. Komeo akazipitisha karata kifudifudi moja baada ya nyingine, akiwatoa Malkia pembeni, na hakukosea hata moja. Matroni naye akajaribu kwa vidole vyake vinene, akatikisa kichwa.

"Ahaa! Kumbe ndiyo maana anashinda!" alisema dereva wa gari la mizigo kutoka meza ya nyuma. Komeo alimtolea funguo ndani ya gari lililojifunga mwaka jana tu. "Masikio gani hayo, bwana? Hivyo ni vidole!"

Watu wakacheka. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, lakini hawakusema kicheko kikimwendea mwoga mwenyewe kinakata namna gani.

"Kimya," alisema Mwalimu.  "Sheria haisemi alama ionekane na nani. Mwenye fungu akiitambua, inatosha. Mchezo huu anapewa Matroni. Kwa kuwa umesema mwenyewe, utabadilisha vifuko vyote na mtacheza wa tatu. Usingesema, ningekufukuza."

"Usingejua," alinong'ona Komeo.

"Hilo nalo ni kweli," alisema Mwalimu, na hakuonekana kulifurahia.

Matroni alitoa pakiti ya vifuko vipya kutoka mkobani mwake. Walivalisha karata pamoja, yeye upande huu, Komeo upande ule, bila kusema neno. Funguo zake ziligongana kila aliposogea. Komeo angependa atukanwe. Tusi angelijua ukubwa wake, lakini ukimya ule haukuwa na mwisho aliouona.

Mchezo wa tatu aliucheza gizani. Alipoweka kidole juu ya fungu, kidole hakikusema lolote. Plastiki ilikuwa laini kama maji. Elfi walikuja, wakaitana, wakasimama wengi. Majitu nayo yakafika. Mwishoni alihitaji Malkia, Malkia tu. Alifumba macho, akavuta. Alikuwa kielfi mdogo wa kupuliza pembe, mnyonge kuliko wote. Komeo alimweka mezani kwa heshima zake zote, na zamu iliyofuata jitu likamkanyaga.

"Nimekuponda, kama nilivyosema," alisema Matroni, lakini hakucheka.

"Matroni, kuhusu Jumatatu..."

"Kuhusu Jumatatu nimeogopa." Alikuwa akikusanya karata zake bila kumtazama. "Nikwambie ukweli, fundi, nimeogopa. Umepapasa plastiki tupu ukaona kilicho ndani. Mtu wa namna hiyo nimpe vyumba vya mabinti za watu?"

 "Una haki. Tafuta mwingine. Mimi sitakulaumu."

"Nimemtafuta hapahapa, kichwani, tulipokuwa tunavalisha vifuko. Nimewapitia mafundi wote ninaowajua. Wote wana vidole. Ila sina hakika kama yupo ambaye angenyoosha mkono." Akafunga mkoba. "Uje. Lakini sikuachi peke yako hata kwenye mlango mmoja. Nitakuja na kiti changu."

"Njoo nacho, Matroni. Nakuomba."

Alimaanisha. Nyumbani alipomsimulia mke wake, alisimulia kwa pumzi moja, akiwa bado amesimama, na mke wake hakutania. Alimpa maji ya kunywa, akangoja amalize, kisha akaiosha bilauri palepale na kuirudisha kabatini.

Jumatatu asubuhi Komeo alipiga magoti mbele ya mlango wa kwanza wa hosteli. Matroni aliketi nyuma yake kwenye kiti cha mbao kilicholia kila alipopumua. Dereva alikuwa ameshalisambaza neno. Kinyozi alikuwa amemwitikia salamu yake asubuhi hiyo kwa kuchelewa kidogo. Komeo hakujua kama mtaa utamtupa au utasahau. Bisibisi iliteleza mara mbili. Alitoa kitasa cha zamani, akaweka kipya, akachonga ufunguo, na kabla haujapoa akageuka na kumpa Matroni mkononi.

"Funga wewe," alisema. "Kisha uutikise."

Matroni akafunga. Akautikisa mlango.

"Umeshika?" aliuliza Komeo.

"Umeshika, fundi."

"Tikisa tena."

Matroni alimtazama, kisha akainuka kitini, akaushika mlango kwa mikono yote miwili, akautikisa kwa nguvu zake zote.