Miti ya Krismasi ya Mama Aidan

Kwanza niseme wazi, mimi si mtu wa kuvumilia upuuzi. Nimepanga chumba cha uani kwa Mama Aidan hapa Bombambili, cherehani yangu iko kwenye kibaraza chake cha nyuma, na kinachomgusa yule mama kinanigusa na mimi. Ukimuuliza mtu yeyote mtaani atakwambia Renatha ana mdomo. Sawa, ninao. Siku ile ulihitajika.

Mama Aidan jina lake la ubatizo ni Lidwina. Alizaliwa upande wa Peramiho, akaolewa na Mwalimu Hironimus akiwa bado binti mbichi kabisa, akamfuata shule baada ya shule. Wamekaa Namtumbo, wamekaa mpaka Nalasi kule Tunduru, kwenye nyumba ya walimu iliyokuwa ikivuja kama chujio. Kila walikohamishiwa alilima bustani, na kila bustani ilipoanza kustawi walihamishwa tena. Walipojenga hapa Bombambili aliapa kwamba hahami mpaka azikwe. Mumewe akapanda mstari wa miti ya krismasi mpakani, ile inayobanana mpaka kuku hapiti, na nyuma yake Mama Aidan akaweka mchicha wake, vitunguu na matembele.

Mwalimu alikuwa mtu wa kuchomekea shati. Hata kwenda dukani kununua kiberiti alipiga viatu rangi kwanza. Nusu ya wanaume wa mtaa huu wamepita mikononi mwake, na wengine wana vitambi sasa lakini wakimwona walikuwa wanaficha sigara. Basi miaka minne iliyopita kiharusi kikamwangusha, kikachukua upande wote wa kulia na maneno karibu yote. Alipotoka hospitali Mama Aidan aliamua jambo moja: hakuna mtu atakayemwona mume wake katika hali ile. Aliamua yeye, peke yake, na hakuna aliyembishia.

Wageni walipokelewa sebuleni. Mwalimu anavalishwa koti, anakalishwa kitini, mkono uliokufa unafichwa chini ya kitenge, wageni wanasalimia, wanapewa soda, wanaondoka. Lakini mwili wa mtu mzima hauogeshwi sebuleni. Bafu lao ni kijumba chembamba, kiti cha mgonjwa na mtu wa kumwogesha haviingii pamoja. Kwa hiyo asubuhi jua likishachangamka, maana baridi ya Songea mwezi wa sita si ya mchezo, Mama Aidan alimtoa uani akamkalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya miti, akamwogesha hapo kama alivyozaliwa. Nami nilikuwa nageuza cherehani yangu na kuangalia ukutani. Uani pale ndipo mahali pekee duniani ambapo yule mama hakulazimika kumwambia mtu kwamba tunamshukuru Mungu, mzee anaendelea vizuri.

Sasa ng'ambo ya miti anakaa Mzee Gaspari. Gaspari ni Mhehe, dereva mstaafu, na sisi Wangoni na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu kupigana vita. Mtani anaruhusiwa kukutukana mchana kweupe, kubeba kuku wako, kulala mbele ya jeneza lako akidai umemkimbia na deni lake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Gaspari na Mwalimu waliishi hivyo miaka yote, na Mwalimu alipougua Gaspari akauhamishia utani wote kwa Mama Aidan, maana mwenzake alikuwa hajibu tena.

Krismasi iliyopita Gaspari alikuja na jogoo kwapani. Akasimama mlangoni akatangaza kwamba amechoka kupigwa kivuli na miti ya wakimbizi wa vita, anainunua yote kwa jogoo huyu, na mwenye nyumba asipokubali ni mwoga kama babu yake. Mama Aidan akampokonya yule jogoo. Akamwambia mauzo yamekubaliwa, achukue miti na mizizi yake aondoke. Tukacheka, jogoo akachinjwa, akaliwa na wote wawili pamoja na mimi. Ni utani wa kawaida kabisa, hata mtoto wa darasa la pili hapa Songea angejua kwamba hakuna kilichouzwa.

Ila mezani pale alikuwepo Egidi.

Egidi ni mtoto wa Gaspari, lakini alilelewa na mama yake Dar es Salaam, na alikuja kumtembelea baba yake akiwa mtu mzima na gari lake. Kijana ana adabu, sitamsingizia. Shikamoo anatoa mpaka kwangu mimi ambaye tunalingana umri. Mwaka huu akarudi kujenga fremu za maduka kwenye kiwanja cha baba yake, na Gaspari alipoitwa msibani Iringa akamwachia kijana kila kitu.

Asubuhi yenyewe Mama Aidan alikuwa ameshampaka mzee sabuni mwili mzima. Tukasikia chensoo, ule msumeno wa mashine, inanguruma upande wa pili. Hatukushtuka, mafundi walikuwa wakipasua mbao tangu juzi. Mimi nilikuwa nakata kola ya joho la kwaya. Ghafla mwanga ukanipiga usoni, mwanga ambao haukuwahi kufika kwenye kibaraza kile, na nikainua kichwa.

Mti mmoja ulikuwa umelala chini kule kwao. Wa pili ukayumba, ukaenda. Jamani, nilisimama na mkasi mkononi! Mama Aidan naye alisimama na povu mikononi. Halafu akaanza kupiga kelele waache, waache, lakini nani atasikia kwenye mngurumo ule? Wa tatu ukaanguka, wa nne, na nyuma yake tukaiona barabara. Tukaona kijiwe cha bodaboda. Tukaona mafundi juu ya kuta za fremu, na wao wakatuona sisi.

Chensoo ikazimika. Mwalimu Hironimus aliyekuwa akipiga viatu rangi kwenda kununua kiberiti amekaa uchi kwenye kiti cha plastiki, povu kifuani, mbavu zinahesabika, na mtaa mzima unamtazama.

Mama Aidan alijirusha mbele yake akatandaza mikono. Mwanamke mwenyewe ni mwembamba, atamziba nani? Nilikurupuka na kitambaa cha kwaya, zambarau kipya kabisa cha watu, nikamfunika nacho mzee pamoja na sabuni yake. Bodaboda mmoja akainua simu. Nikamrushia kopo la maji na maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, akaishusha. Fundi mmoja juu ya ukuta alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa. Tukambeba mzee ndani, mimi miguuni, Mama Aidan kwapani.

Nikatoka kwenda kumkabili Egidi. Nilimwambia kila nilichonacho. Kijana wa watu alikuwa amepauka, akanisubiri nimalize, kisha akamgeukia Mama Aidan aliyekuwa amenifuata nyuma.

"Mama, nisamehe, sikujua kama mzee yuko hapo," akasema. "Lakini miti si mlishamuuzia baba kwa jogoo? Nilikuwepo. Ulisema tuchukue na mizizi."

Ni kweli alisema. Ni kweli jogoo tulimla, na paja nililila mimi. Ungemweleza vipi mtu kwamba mauzo yale yalikuwa njia yetu ya kuambiana Krismasi njema? Mama Aidan aliangalia visiki, akarudi ndani.

Siku hiyo hakupika. Akafunga turubai kati ya visiki na nguzo ya kamba ya nguo, upepo wa alasiri ukalivua. Akalifunga tena, likavuliwa tena. Kesho yake mzee hakuogeshwa. Akafutwafutwa chumbani kwa kitambaa, gizani, pazia limeshushwa, na nilimsikia akiguna guno la mtu anayekataa. Niliwaza, hivi ndivyo mambo yatakavyokuwa mpaka mwisho, mtu kufungiwa kama gunia la mahindi kwa sababu ya jogoo. Hasira zilinijaa mpaka nikaharibu kola mbili.

Egidi alikuwa amempigia baba yake. Gaspari akaacha matanga, akapanda basi la usiku, asubuhi ya siku ya tatu akashuka stendi, akachukua bodaboda moja kwa moja mpaka kwetu. Hakupitia mlangoni. Alipita pale pale kwenye visiki, akanyanyua turubai kwa mkono. Na asubuhi hiyo Mama Aidan alikuwa ameshindwa kuendelea na vitambaa vya gizani, amemtoa mzee uani tena, anamwogesha huku akigeuka geuka nyuma kama mwizi.

Gaspari akasimama. Miaka minne alikuwa akimwona mtani wake akiwa ndani ya koti. Hakuwahi kuuona ule mkono. Hakuuona ule mguu uliosinyaa. Uso ulimbadilika, nikadhani atakaa chini. Mama Aidan akashika kitenge amfunike mume wake, akachelewa.

"Mngoni," Gaspari akasema. "Ndiyo nini hii? Babu zako walitoka kusini kote huko wakipigana, wewe umeshindwa na sabuni?"

Niliokota ndala yangu. Haki ya Mungu nilikuwa naenda kumpiga nayo mzee wa watu. Lakini nikaona bega la kushoto la Mwalimu linacheza. Nikadhani kifafa. Kumbe anacheka! Nusu ya mdomo inacheka, nusu imelala, machozi yanatoka, na sauti inayotoka ni ya kukwaruza, lakini ni kicheko. Tangu nihamie nyumba ile sijawahi kukisikia. Gaspari naye akaanza kulia waziwazi huku akiendelea kumtukana, akapiga magoti kwenye tope, akachukua dodoki akaanza kumsugua mgongo. Alimwambia kwamba uchafu wa mgongo huu ni wa tangu vita vile.

Egidi alikuwa amesimama kwenye visiki hajui aingie au akimbie. Gaspari akamwita kwa ukali, akamwambia aache fremu zake, tofali zote zihamie hapa, leo hii hii ukuta uanze kupanda mpaka juu ya kichwa. Egidi akaitikia haraka. Mama Aidan akafumba macho akashusha pumzi, na nikajua ndiyo mara ya kwanza amepumua tangu chensoo.

Hapo Mwalimu akainua mkono wake wa kushoto.

"Acha," akasema.

Yeye maneno yake ni ya kuhesabu, na mengi ni ya kuomba maji. Gaspari akamuuliza aache nini, kumsugua? Mzee akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye uwazi, kule barabarani, kwenye mafundi na bodaboda na mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa.

"Acha. Wazi."

Yule mama wa dagaa alisikia, au aliona tu mkono umeinuliwa. Akasimama, akapiga goti kidogo na ndoo yake kichwani. Shikamoo Mwalimu. Mzee akamjibu marahaba, imekatika katikati lakini ni marahaba. Fundi aliyevua kofia juzi akasalimia naye kutoka ukutani. Gaspari alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anasema hakuna ukuta, anasema kila asubuhi atakuja mwenyewe kumwogesha huyu Mngoni, na mwili mzuri hivi kwa nini ulifichwa. Mimi mwenyewe nilishusha ndala nikasema Mungu mkubwa. Tulifurahi, nakiri, tulifurahi kama watu wa harusini. Miaka minne mtu yule alikuwa amefichwa na hakuna aliyemuuliza kama anataka kufichwa.

Ndipo nilipomgeukia Mama Aidan nifurahi naye.

Alikuwa amesimama na beseni tupu, rangi imemtoka kuliko siku ile ya miti. Alimwangalia mumewe, akamwangalia Gaspari, macho yake yakanipita mimi. Nilidhani atasema kuhusu aibu, kuhusu mtaa kumwona mzee uchi. Gaspari akamwambia kwa furaha kwamba sasa atapumzika, shemeji, mzigo umegawanywa.

"Na mimi je?" akauliza. Hakupaza sauti. "Kila siku nikimaliza kumwogesha, namrudisha ndani namvalisha. Halafu natoka, nakaa pale chini ya miti, nalia. Nikimaliza nanawa uso, nakuja kuwasha moto. Kila siku, miaka minne. Sasa mimi nitalilia wapi?"

Dodoki likabaki mkononi mwa Gaspari. Mimi niliyekuwa nageuzia cherehani ukutani kila asubuhi, hatua chache kutoka kwenye ile miti, sikuwahi kujua. Mwalimu naye alikuwa hajui. Aligeuza shingo taratibu mpaka akampata mkewe, akamtazama, sabuni ikimtiririka kuingia machoni, na hakufumba.