Mtama Mkavu

Harufu ya mvua juu ya vumbi hunirudisha utotoni mpaka leo. Siku ile nilikuwa juu ya paa bapa la tembe letu, nyumba ya udongo, nikaona wingu nyuma ya kilima, nikauanua mtama tulioanika pale. Chini uani, mbele ya watu, mwinjilisti aliyekuja kuhubiri ndio kwanza anafumba macho kuomba mvua.

Ikanyesha. Watu wakalia, "Muujiza!"

Mama akashika mtama. "Mbona mkavu?"

"Nimeuanua kabla hajaomba. Wingu nililiona."

Wajomba wakacheka. "Kumbe ulichungulia wingu kwanza, Mwinjilisti!"

Koti lake la mitumba likichuruzika, akaniuliza taratibu, "Lakini mwanangu, si imenyesha?"

Hakuomba mvua tena kijijini kwetu.

Leo mjukuu wangu, Biblia mkononi, kaniuliza, "Bibi, miujiza ya mitume nani aliiona?"

Nikatazama mawingu, nikamwambia, "Kaanue nguo, mvua inakuja."