Viganja vya Sirikwa

Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto hutoa harufu ambayo ni vigumu kumweleza asiyeijua: ubichi na moshi kwa pamoja, na utamu kidogo nyuma yake. Juzi mkwe wangu alikuwa akilainisha majani jikoni, nami nimekaa nje napukuchua maharage. Harufu iliponifikia, mikono ikasimama yenyewe. "Mama, unaumwa?" akaniuliza. Nikamwambia siumwi. Sikumwambia kwamba nimerudi kwenye migomba ya bibi yangu, mteremkoni mwa Mlima Meru, enzi za Mjerumani, na kwamba mbele yangu amelala mdogo wangu Sirikwa, uchi wa mnyama, analia kwa kuwashwa.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, sijui hasa, maana hatukuwa watu wa kuandika. Wanaume wa mtaa wetu walikuwa wakipelekwa kwa zamu kubeba mawe ya boma kule Arusha, na zamu ile ilikuwa ya baba. Mama alikuwa ndani, amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi yetu mzazi hatoki wala hashiki kazi. Hulishwa nyama na mafuta mpaka anenepe. Kwa hiyo mji wetu, yaani nyumba, mifugo na migomba, ulikuwa mikononi mwa bibi. Tulimwita Koko, kama jirani zetu Waarusha walivyowaita bibi zao. Ndui ilikuwa imempitia Koko akiwa kijana, ikamwachia uso wenye mashimo na jicho moja lililofumba kabisa. Jicho la pili liliona, lakini kwa shida, na mara nyingi alitujua kwa vishindo vya miguu yetu.

Sirikwa alikuwa na miaka kama mitatu, mnene, mdekaji, na anajua kabisa kwamba yeye ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani. Siku moja akaamka na homa. Kesho yake mwili ukajaa vipele. Koko alimpapasa mgongoni mara moja tu, akambeba, akashuka naye hadi kwenye kibanda cha mbuzi kilichokuwa mwisho wa migomba. Huko ndiko wagonjwa wa ndui walikotengwa, na aliyewahi kuugua na kupona ndiye aliyewauguza.

Mimi nilimfuata mbio. Alipofika kwenye mstari wa masale, akageuka. Masale ni ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani. Jani lake ndilo mtu aliyekosa hulishika mkononi anapokwenda kuomba radhi. Koko akanionyesha kwa fimbo. "Hapo hapo. Usivuke."

Siku tatu nilisimama hapo hapo. Nilileta maji na mtori, nikaviweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma, ndipo Koko akaja kuvichukua. Nilinuna, tena nilinuna kwa bidii. Kilichoniuma zaidi ni asubuhi, kwa sababu kila asubuhi Koko alimpakata Sirikwa, akamfungua viganja, akavipitia kwa ncha za vidole, polepole, kimoja baada ya kingine. Halafu nyayo. Akimaliza huvitemea mate kidogo, kama wazee wanavyombariki mtu. Mimi katika maisha yangu yote nilikuwa nimebarikiwa mara mbili, tena haraka haraka.

Siku ya pili mshili, yaani mkuu wa mtaa wetu, alikuja akasimama njiani, mbali. Habari zilikuwa zimemfikia. Akapaza sauti kwamba amri ni amri: mwenye ndui apelekwe kwenye vibanda vya huko chini tambarare, na mji wake uchomwe moto. Angekuja tena kutazama baada ya siku tano. Mama alilia ndani tukamsikia. Watoto wawili wa mtaa wetu walikuwa wamepelekwa tambarare mwaka ule, na hakuna aliyerudi.

Siku ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nikasimama penye masale nikamfokea bibi yangu, jambo ambalo kwetu halifanywi. "Unampenda huyo tu, kwa sababu ni mwanamume! Mimi hata nikifa hutajua!" Koko alikuwa na kiganja cha Sirikwa mkononi. Akaendelea kukipapasa.

Asubuhi ya nne akapapasa viganja, akapapasa nyayo, akarudia viganja. Kisha akaketi chini ghafla, miguu mbele, nikadhani ameanguka. Halafu akaniita: "Njoo. Vuka."

Nikavuka kwa kuruka.

"Ni tetekuwanga," akaniambia. "Kazi yako ni moja, asijikune. Akijikuna vitatunga usaha, na mshili akiona usaha hatasikia la mtu. Umenielewa?"

Nilielewa. Naapa sijawahi kushika kazi kwa moyo kama ule, hata shamba langu mwenyewe. Nilimtafuna Sirikwa kucha zote kwa meno yangu, za mikono na za miguu, naye akanipiga mateke ya kifua. Nilimshonea vifuko vya maganda makavu ya mgomba, nikamvika mikononi na kuvifunga kwa kamba, naye akagundua kwamba vinafaa sana kunipigia kichwani. Koko alinifundisha kupitisha jani bichi juu ya moto mpaka linywee, kuliacha lipoe, na kumlaza juu yake. Likikauka, tunaleta jingine. Palipomwasha nilipuliza kwa mdomo, nikapuliza mpaka nikaona kizunguzungu. Nilimsimulia habari za fisi mpaka fisi wote wakafa. Kuchoka nilichoka, ila sikukubali. Nilikuwa nimekata shauri kwamba Sirikwa haendi tambarare, labda mshili apite juu yangu kwanza.

Asubuhi ya siku ya mshili, nilikwenda kuchota maji mara moja tu. Niliporudi, mtoto amevua kifuko kimoja na amejikuna paji la uso. Kipele kimefumuka, chekundu, kinavuja. Nikawaza haraka, na hapo ndipo nikafanya upumbavu ambao ukoo wetu unaucheka mpaka leo. Nilikuwa nimewaona vijana wa Kiarusha wakipita njiani, wamejipaka udongo mwekundu na mafuta, na hakuna aliyejua chini yake kuna ngozi ya namna gani. Nikaiba mafuta ya kondoo ya mama, chakula chake cha uzazi, nikachimba udongo mwekundu kando ya mfereji, nikachanganya, nikampaka Sirikwa kutoka nywele hadi vidole vya miguu. Aling'aa. Alifurahi sana akaomba na mkuki.

Mshili alipofika na kumwona morani wa miaka mitatu akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha mbuzi, alirudi hatua mbili. "Mnaficha nini?" akauliza, na sasa sauti yake haikuwa na mchezo. "Anayeficha anajua anachoficha."

Koko alinusa ule udongo, akaelewa. Hakunigombeza. Aliomba kibuyu cha maji, akamwosha Sirikwa pale pale mbele ya mshili, mpaka vipele vyote vikaonekana, vilivyokauka na vibichi, na kile cha usoni. Kisha akasema, "Mwanangu, wanne nimewazika kwa ndui. Nisiijue?"

Mshili alikuwa anatazama lile paji la uso. Basi mimi nikamnyanyua Sirikwa, ametota maji, nikambeba kiunoni, nikavuka masale nikamwendea yule mkubwa mpaka karibu. "Mtazame!" nikamwambia. "Mtazame vizuri!"

Ajabu ni kwamba hakumtazama Sirikwa. Alinitazama mimi usoni, akayatazama mashavu yangu, na mikono yangu iliyomkumbatia mtoto.

"Wewe umewahi kuugua ndui?"

"Sijawahi."

"Nani amekuruhusu kumshika?"

"Koko."

Akamwangalia Koko kwa muda mrefu, na Koko akasimama vile vile, uso wake wenye mashimo umemwelekea. Kisha mshili akasema mtoto abaki, akageuka akaenda zake. Wiki mbili baadaye tetekuwanga ilinishika mimi, na Sirikwa akapewa kazi ya kunipuliza. Alinitemea mate zaidi ya kunipuliza.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba nilimfukuza mshili. Niliwasimulia wanangu, na Sirikwa, mtu mzima mwenye ndevu, alikaa pembeni akitikisa kichwa.

Nikawa mama, nikachanjwa, na mwaka mmoja ndui yenyewe ikapita mtaani. Nilikwenda kumsaidia jirani aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Nilimshika yule mtoto mkono nimpe maji, na kiganjani, chini ya ngozi, vidole vyangu vikakuta punje ngumu, nyingi, zimetanda mpaka kwenye vidole. Nikaviona viganja vya Sirikwa na vidole vya Koko vinavyovipitia asubuhi baada ya asubuhi. Hakuwa anabariki tu. Alikuwa anazitafuta punje hizi, na mpaka alipokuwa na hakika kwamba hazipo, mimi nilibaki nyuma ya masale. Mshili naye alijua hilo. Alijua Koko asingemwacha mjukuu mwenye uso safi amkumbatie mwenye ndui. Uso wangu ndio uliomjibu, wala si ukali wangu.

Nami nilimwambia nikifa hatajua.

Koko alikuwa amekwisha kulala migombani miaka kumi na zaidi. Siku iliyofuata nilikata jani la sale pale pale aliponizuia, nikaenda nalo mkononi hadi kaburini kwake, nikamwomba radhi kwa sauti, kama anavyoombwa mtu aliye hai. Sirikwa alinikuta huko. Alikata jani lake, akaja akasimama karibu yangu.