Siku Yeriko Ilipokataa Kuanguka

Watu wa Osukuru, huku kwetu Uganda, wameshanicheka hadi wamechoka, kwa hiyo nimeona bora aibu hii niisimulie mwenyewe.

Jumapili ile uwanjani kwa kanisa tulikuwa na igizo la kuta za Yeriko. Mimi, mzee wa kanisa, ndiye niliyelisimamia, tena kwa hamu, kwa sababu mama yake Nekesa, binti aliyekuwa akichumbiwa na mwanangu Owori, alikuwa anavuka mpaka kutoka Busia ya Kenya kuja kuona sisi ni watu wa namna gani. Vijana walitaka ukuta wa maboksi. "Mzee, boksi tu inatosha," wakaniambia. Nikakataa. Mji wa kale uliozungukwa na ukuta wa kuzuia majeshi, nimwoneshe mgeni maboksi ya biskuti? Nikataka matofali, na yalipopungua nikaagiza yaletwe yale yaliyoegemeza choo cha kanisa (cha udongo, kimeinama tangu mvua za mwaka jana), nikijiambia tutayarudisha jioni.

Watu wakaanza kuzunguka. Katikati ya mizunguko tumbo likanikata (chai ya maziwa na uzee wangu havipatani), nikanyata hadi chooni, nikachuchumaa, nikamshukuru Mungu kwa kunifikisha salama. Mara nikasikia baragumu, kisha ngoma, kisha kanisa zima likapiga kelele na kurukaruka hadi ardhi ikatetemeka.

Yeriko ikasimama imara. Choo kikaanguka.

Sikuamini macho yangu. Ukuta uliangukia nje, wote, nikabaki nimechuchumaa mbele ya mkutano wa Bwana, suruali magotini, na kwenye viti vya wageni, mbele kabisa, ameketi mama yake Nekesa. Kwetu baba wa kijana na mama wa binti hata meza moja hawali. Kuonana hivi kunatosha kuvunja uchumba. Nikamwona Owori ameshika kichwa kwa mikono miwili, nikajua nimemkosesha mke.

Mama yule akainuka polepole, akanipa mgongo, akafungua leso yake ya juu, kanga ya kiunoni, na kuirusha nyuma bila kugeuka.

"Jifunike, mkwe," akasema. "Vumbi ni jingi, mimi sijaona kitu."

Mpaka dakika ile alikuwa akiniita mzee tu.

Harusi imeshafungwa, namshukuru Mungu, nami nimeapa sitabomoa tena ukuta unaohitajika ili nijenge wa kuangushwa. Krismasi hii tunaigiza Danieli. Simba wote ni wa maboksi.