Kikohozi Nilichokimeza

Jikoni kwetu hotelini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Shira, kwa sababu ya mananasi ya kuoka aliyoyapaka shira mpaka yakang'aa, yakapangwa pembeni ya paja la kondoo siku za sherehe. Watu walisema wanafuata nyama. Uongo mtupu, walifuata nanasi. Kwangu mimi alikuwa wifi, mke wa kaka yangu, na nikiri mapema: yeye alikuwa na ulimi mkali, nami sikuwa na subira.

Mwaka jana homa ilimlaza wiki tatu. Alipoinuka, pua na ulimi vilikuwa vimekufa. Karafuu, siki, sabuni, kwake yote maji. Mpishi asiyeonja! Nilijua mimi tu. Hata kaka, aliyevunjika kiuno akawa mtu wa kitandani, hakuambiwa. Basi mimi muosha vyombo nikawa ulimi wake. Nilionja kwa siri, kisha nikampa ishara kutoka kwenye sinki: nikifuta mikono kwenye aproni, sawa, nikikohoa, mwaga, anza upya.

Lakini penye wengi pana mengi. Maneno yakamfikia mwenye hoteli kwamba Bi Shira hana tena mkono mzuri. Hakugomba. Alisema tu, "Siku ya sherehe ya hoteli nitalionja nanasi mwenyewe. Likiwa lile lile, endelea. Likiwa silo, ukapumzike nyumbani." Nyumba nzima ya kaka ilikula kwa mikono ile miwili.

Asubuhi ya sherehe alikata mananasi vipande vya duara, vinene, akatoa mioyo yake, akavichomeka karafuu na kuvipanga kwenye trei. Sukari akaiweka motoni. Nikapita nikamnong'oneza, "Wifi, punguza moto." Mhudumu mmoja akageuka kututazama. Wifi akashtuka, akanikaripia mbele ya watu wote.

"Wewe kazi yako masufuria! Mambo ya shira umeyajulia wapi?"

Wahudumu wakaangua kicheko. Leo najua alikuwa anaificha siri yake. Wakati ule niliona ananiumbua tu, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Sukari hugeuka rangi ya chai, kisha kufumba na kufumbua imeungua. Jiko lilijaa moshi wa mafuta ya kondoo, hakuna mwingine aliyeinusa ikiungua. Mimi niliinusa. Akamimina siki na siagi, akachota kijiko, akakiacha pembeni ya sinki kama kawaida yetu. Nikaonja. Chungu kama shubiri. Akanitazama.

Nilitaka ajue kwamba bila ulimi wangu yeye si lolote. Nikafuta mikono kwenye aproni.

Akayapaka mananasi kwa brashi, akayarudisha kwenye oveni, akayapaka tena. Yalitoka mazuri kuliko yote niliyowahi kuona. Alikuwa akiimba chini chini. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaufunga. Sahani zikaenda.

Alasiri zilirudi kwangu kwenye sinki. Mifupa ilikuwa imegugunwa mpaka ikawa myeupe. Mananasi yalikuwa yamelala pale pale, kila kipande kimemegwa mara moja. Mwenye hoteli alikuja hadi mlangoni, akaiweka sahani yake mbele ya wifi, akasema, "Pole, mama," akaondoka.

Wifi akasogea kwenye sinki. Akaokota kipande kutoka sahani ya mgeni, akakitafuna polepole.

"Likoje, wifi?" akaniuliza.

"Chungu."

"Ulijua?"

Nikakohoa.

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akakimaliza kipande chote, akavua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya meza.

"Kaka yako usimwambie," akasema. "Atakuchukia bure. Nitasema nimeacha mwenyewe, nimechoka."